Ulimi wa Kiziwi ni Amana
Elimu ya ukalimani wa lugha ya ishara katika vyuo vikuu, na haja yake kwa Waislamu



Siku moja tulihudhuria nikaha ya kijana kiziwi. Msikiti ulijaa watu, ubani ukafukizwa, na sheikh akaisoma khutuba ya ndoa kwa utulivu. Walii alipokwisha kutamka maneno ya kuoza, macho yote yakamgeukia bwana arusi. Naye akamtazama nduguye mkubwa aliyeketi ubavuni pake. Ndugu akamgusa bega, akatikisa kichwa kumwonyesha kuwa sasa aitikie, kijana naye akatikisa kichwa, na ndugu akasema kwa sauti, "Amekubali." Halua ikapita, kahawa ikanywewa, na watu wakatawanyika kwa furaha.

Sisi tulirudi nyumbani na swali ambalo halikutuacha usiku ule. Kijana yule amekubali nini? Aliambiwa mahari ni kiasi gani? Aliyajua masharti yaliyotajwa? Nduguye hakuwa mtu mbaya. Kinyume chake, mapenzi yake kwa kijana yule yalikuwa dhahiri kwa kila aliyewaona. Lakini ishara alizozijua hazikupita zile za kuitana chakulani na kuagana mlangoni. Mapenzi anayo, elimu hana. Na jambo lililokuwa likipita mbele yetu ni akdi, tena akdi ya umri mzima.

Makala haya twayaandika kwa ajili ya swali hilo. Twataka kuonyesha kuwa kumsemea kiziwi ni ilimu yenye vyuo vyake na miaka yake ya kusomewa, na kwamba vijana wetu, wake kwa waume, yawapasa waiendee.

Sheria yetu ilitangulia

Kabla ya kusafiri mbali, na tutazame yaliyomo nyumbani mwetu. Qur'ani Tukufu imetusimulia khabari za Nabii Zakariya (a.s.), ambaye alama yake ilikuwa kutosema na watu siku tatu ila kwa ishara, na khabari za Bibi Maryamu, ambaye watu wake walipomkabili kwa maneno makali, jawabu yake ilikuwa kumwashiria mtoto. Basi ishara si kitu duni. Imebeba ujumbe mikononi mwa watukufu.

Wanazuoni nao hawakuliacha jambo hili. Imamu Bukhari, katika Sahihi yake, ameweka mlango khasa juu ya ishara katika talaka na mambo mengineyo. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka wa 1277, ameeleza katika Minhaji, kitabu ambacho wanafunzi wa pwani yetu wamekisoma kizazi baada ya kizazi, kwamba ishara ya bubu huhesabiwa katika akdi na katika kuzivunja. Tena akapambanua: ishara ya talaka inayofahamiwa na kila mtu ni kama tamko la wazi, na ile ambayo haifahamiki ila kwa mwerevu peke yake, hiyo ni kinaya. Na Dola ya Uthmaniyya ilipokusanya sheria zake katika Majalla, kazi iliyoanza mwaka wa 1869 na kumalizika mwaka wa 1876, kifungu cha 70 kiliamua kuwa ishara za bubu zilizozoeleka ni sawa na maelezo ya ulimi. Kifungu kinachofuata, cha 71, chahusu kukubaliwa kwa kauli ya mkalimani. Msomaji na aone jinsi mambo mawili haya yalivyowekwa bega kwa bega: ishara ya kiziwi, na mtu wa kuifasiri.

Amma ukalimani wenyewe, asili yake kwetu ni kongwe. Mtume Muhammad (s.a.w.) alimwamrisha Zayd bin Thabit (r.a.) ajifunze maandishi ya Mayahudi, ili asimtegemee mtu mwingine katika barua zake. Na wanazuoni wakakhitilafiana juu ya mkalimani wa mahakamani: Imamu Abu Hanifa akaona mmoja atosha, na Imamu Shafi akataka wawili kama mashahidi. Kwa nini akataka wawili? Kwa sababu Kadhi asiyeijua lugha ya mdai hukata hukumu kwa maneno ya mkalimani. Akikosea huyu, haki ya mtu imekwenda. Basi mkalimani, kwa mizani hiyo, amesimama mahali pa shahidi. Na shahidi hawi mtu yeyote aliyekaribu.

Lugha, si mchezo wa mikono

Wako wanaodhani kwamba viziwi wote ulimwenguni wana ishara moja, na kwamba mtu mwepesi wa mikono aweza kuzijua kwa juma moja. Dhana hiyo si kweli, na khabari za viziwi wa Marekani zatosha kuivunja.

Mwaka wa 1815 Mmarekani mmoja, Thomas Hopkins Gallaudet, alisafiri kwenda Ulaya kutafuta njia ya kuwasomesha watoto viziwi. Kule Paris ilikuwako shule iliyoasisiwa na padri de l'Épée katika karne ya 18, ambamo watoto walifundishwa kwa ishara. Gallaudet akarejea kwao mwaka wa 1816 pamoja na mwalimu wa shule ile, Laurent Clerc, ambaye mwenyewe alikuwa kiziwi. Na mwaka wa 1817 wakafungua shule katika mji wa Hartford. Ndiyo sababu lugha ya ishara ya Marekani ina udugu na ile ya Ufaransa, ilhali kiziwi wa Marekani na kiziwi wa Uingereza, ambao majirani zao wote husema Kiingereza, hawafahamiani kwa ishara zao. Hata herufi zao ni mbali: Mwingereza huziandika hewani kwa mikono miwili, Mmarekani kwa mmoja.

Lugha hii ina nahau yake. Mkono peke yake hautoshi. Katika lugha ya Marekani na ya Uingereza, nyusi zikiinuliwa, maneno yamekuwa swali la ndiyo au siyo. Zikikunjwa, ni swali la nani, nini au wapi. Yaliyopita huashiriwa kuelekea nyuma ya bega, na yajayo kuelekea mbele. Mtu akitajwa huwekwa mahali pake hewani, na kila akirejewa, mkono hurudi pale pale. Asiyejua haya atauona mkono na kuukosa uso, na nusu ya maana itampita.

Walimwengu walichelewa kulikubali jambo hili. Mwaka wa 1880 walimu wa viziwi walikutana katika mji wa Milan, wengi wao mno wakiwa watu wenye kusikia, wakakata shauri kuwa ishara ziondolewe madarasani na watoto wafundishwe kusema kwa midomo tu. Kwa miaka mingi baada ya hapo, watoto walikatazwa mikono yao katika shule za nchi nyingi. Mpaka mwaka wa 1960 ndipo mwalimu wa Chuo cha Gallaudet mjini Washington, William Stokoe, alipotoa uchunguzi wake kuonyesha kuwa ishara za viziwi zina mpango kamili kama lugha nyingine yoyote. Na mwaka wa 2010, miaka 130 baada ya Milan, mkutano kama ule ule uliokaa Vancouver ulionyesha majuto juu ya shauri lile.

Inavyosomeshwa chuoni

Chuo cha Gallaudet, tulichokwisha kukitaja, ndicho kilicho mashuhuri zaidi kwa elimu ya juu ya viziwi. Rais Abraham Lincoln alitia sahihi sheria ya kukiruhusu kutoa shahada mwaka wa 1864. Lakini hata huko, kwa miaka mia nzima, wakalimani hawakuwa watu wa kazi maalumu. Walikuwa ni watoto wa viziwi, jamaa, walimu na watu wa dini waliosaidia kwa hisani. Mwaka wa 1964 wakalimani na walimu walikutana katika mji wa Muncie, jimbo la Indiana, wakaanzisha daftari la wakalimani wa viziwi, ili ajulikane nani anaiweza kazi na nani haiwezi. Leo Gallaudet chasomesha ukalimani kutoka shahada ya kwanza mpaka ya udaktari, na miongoni mwa wanafunzi wake wamo viziwi wenyewe.

Huko Uskochi, Chuo Kikuu cha Heriot-Watt katika mji wa Edinburgh kilianzisha mwaka wa 2012 shahada ya miaka minne ya lugha ya ishara ya Uingereza, pamoja na ukalimani na tafsiri yake. Twaomba msomaji aizingatie hesabu hiyo: miaka minne, sawa na muda ambao wengine huutumia kwa uhandisi. Je, wanasoma nini muda wote huo?

Kwanza, huisoma lugha yenyewe mpaka ikawa nyepesi mikononi na machoni. Maana kuashiria ni nusu ya kazi, na nusu ya pili, iliyo ngumu zaidi kwa wengi, ni kuisoma mikono ya mwingine na kuitoa kwa sauti. Pili, husoma khabari za viziwi, desturi zao na sheria zinazowahusu. Tatu, hujizoeza ukalimani wa namna mbili: ule wa kungoja msemaji amalize kipande ndipo ukifasiri, na ule wa kwenda pamoja naye asemapo. Nne, husoma adabu za kazi. Na sehemu ya masomo hufanywa nje ya darasa, kati ya viziwi na pamoja na wakalimani wenye uzoefu.

Huo ukalimani wa kwenda pamoja wataka kufahamiwa. Mkalimani hafuati neno kwa neno. Husikiliza, akangoja kidogo mpaka maana ikamdhihirikia, ndipo akaashiria, na papo hapo sikio lake liko katika maneno yanayofuata. Chukueni mfano wa Kiswahili chetu. Twasema kufunga mlango, kufunga safari, kufunga ndoa na kufunga Ramadhani. Tamko ni moja na maana ni nne. Shahidi mahakamani hula kiapo. Mkalimani mjinga akiashiria chakula, kiziwi atashangaa ameitiwa karamu gani. Kazi hii huchosha akili mno, na kwa hivyo katika mikutano mirefu wakalimani huwa wawili, wakipokezana takriban kila dakika 20. Na yule aliyepumzika huwa macho kumsaidia mwenziwe penye jina au hesabu iliyomponyoka.

Ama tafsiri ni mlango mwingine. Mkalimani hufanya kazi papo kwa papo, na lililotoka limetoka. Mfasiri huchukua maandishi yaliyokwisha tulia, kama vile kitabu cha sala au fomu ya serikali, akayageuza kuwa ishara mbele ya kamera, akaitazama kazi yake, akaifuta na kuirudia mpaka ikatengenea. Katika kazi hii viziwi waliosoma ndio mabingwa, kwa kuwa lugha ile ni yao tangu utotoni.

Adabu za kazi ndizo zilizotugusa zaidi sisi. Wanafunzi hufundishwa kuwa mkalimani haongezi wala hapunguzi, hata kama asemwalo halimpendezi. Hatoi siri aliyoipata kazini, iwe ya hospitali au ya mahakama. Hampendelei mmoja wa wasemaji wawili. Na akiletewa kazi iliyozidi uwezo wake, husema wazi kuwa haiwezi. Ndugu Mwislamu, katika hayo kipi kilicho kigeni kwetu? Hii ndiyo amana tuliyoamrishwa kuirudisha kwa wenyewe.

Aibu iliyoonwa na dunia nzima

Tarehe 10 Desemba, 2013, dunia ilikusanyika Johannesburg kumwaga Nelson Mandela. Wakuu wa nchi walihutubia, na ubavuni mwao alisimama mtu akirusha mikono kama mkalimani wa viziwi. Viziwi wa Afrika ya Kusini na wa nchi nyingine wakatazama, wasifahamu hata neno. Mikono ilikwenda, maana haikuwako. Serikali ikakiri baadaye kuwa kosa limetendeka.

Wengi waliicheka khabari ile. Sisi twaona haifai kuchekwa, kwa sababu maelfu ya watu wenye kusikia waliokuwa uwanjani hawakutambua lolote, na lau si viziwi kulalamika mambo yangalipita. Basi tujiulize: ni mara ngapi yapita kwetu, nikahani, hospitalini na barazani, na hapana wa kulalamika? Yule ndugu aliyesema "Amekubali" hakukusudia uwongo. Lakini sisi tuliokuwapo tungalijuaje?

Hali ya kwetu

Katika Afrika ya Mashariki milango imekwisha kufunguliwa. Katiba ya Uganda ya mwaka wa 1995 imetaja kukuzwa kwa lugha ya ishara. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 imeifanya lugha ya ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha tatu za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Na mshtakiwa asiyeifahamu lugha ya mahakama ana haki ya mkalimani bila ya kulipa. Katika Chuo Kikuu cha Nairobi uchunguzi wa lugha hiyo ulianzishwa mwaka wa 1991, na Chuo Kikuu cha Kyambogo mjini Kampala husomesha ukalimani wa lugha ya ishara kwa daraja ya diploma. Tanzania, ambako wengi huiita lugha ya alama, shule ya kwanza ya viziwi ilifunguliwa Tabora mwaka wa 1963.

Lakini nani waliotangulia katika kazi hii? Shule nyingi za mwanzo za viziwi katika nchi zetu zilianzishwa na wamisionari. Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi, alihitimu Gallaudet mwaka wa 1954, na mwaka wa 1957 akafungua shule ya viziwi huko Ghana. Mpaka kufa kwake mwaka wa 1987 alikuwa amesaidia kuanzisha shule zaidi ya thalathini katika nchi za Afrika. Alikuwa mhubiri wa Kikristo, na alifanya kwa ajili ya aliyoyaamini. Hatuwalaumu watu waliouona upungufu wakauziba. Twajilaumu wenyewe, kwa kuwa mtoto wa Kiislamu aliye kiziwi mara nyingi amerudi nyumbani akijua ishara za kanisani za kusali na kuomba, na baba yake hana ishara ya kumweleza udhu, wala rakaa, wala zaka.

Katika Msikiti Mtukufu wa Makka khutuba ya Ijumaa hufasiriwa kwa lugha ya ishara, viziwi wakaifuata kwa macho. Katika misikiti mingi ya mitaa yetu kiziwi hukaa nyuma ya nguzo, huinama tuinamapo, husujudu tusujudupo, na khutuba nzima kwake ni kutazama midomo ikienda. Tumemhesabu katika safu, na katika mawaidha tumemsahau.

Nasaha yetu

Kwa wazazi wa mtoto kiziwi twasema: msingoje mkalimani wa kuja kesho. Jifunzeni ishara leo, nyinyi na ndugu zake na bibi yake, kutoka kwa viziwi wenyewe. Maana mtoto hupata dini na adabu mezani pa wazee wake kabla hajaipata chuoni. Mpelekeni shule mapema, wala msimfiche kwa haya.

Kwa vijana wanaoingia vyuo vikuu, msidhani kwamba kheri imo katika udaktari na uhandisi peke yake. Kazi hii ni halali, ina heshima, na wenye kuijua bado ni wachache. Khasa mabinti zetu tunawahimiza. Bibi kiziwi aliye mjamzito, au mwenye shauri na mumewe mbele ya Kadhi, atamwelezaje siri yake kijana wa kiume asiye maharimu wake? Na akifasiriwa na mume mwenyewe aliyemshtaki, hiyo itakuwa haki gani? Huko mkalimani wa kike, aliyesoma na mwenye kuficha siri, ni sitara kwa Waislamu wote.

Kwa masheikh na kamati za misikiti, tunaomba mambo ambayo hayahitaji fedha nyingi. Viziwi wawekewe mahali pa mbele penye mwanga, wamwone mkalimani bila ya kizuizi. Mkalimani apewe khutuba mapema aisome. Na wanazuoni wakae pamoja na viziwi Waislamu, waafikiane juu ya ishara za maneno ya dini yetu, ili tauhidi isije ikafasiriwa kwa ishara yenye maana nyingine. Kazi hii haiwezi sheikh peke yake, wala mkalimani peke yake, wala kiziwi peke yake.

Tukifanya hayo, nikaha ya kijana mwingine itakuwa namna nyingine. Ataketi mbele ya walii, na mkabala wake mkalimani aliyesomea kazi yake. Ataelezwa mahari, ataelezwa masharti, na akiwa na swali ataliuliza. Kisha ataitikia kwa mikono yake, ishara iliyo wazi, na mkalimani atasema kwa sauti yale aliyoyasema bwana arusi, hakuongeza wala hakupunguza. Hapo ndipo tutakapokula halua na nyoyo zimetulia.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atufungulie masikio ya nyoyo zetu, awape vijana wetu hima ya kuitafuta elimu hii, na atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kuchunga amana zao. Amin.